SSX na SSX Tricky: maswali mnayoniuliza kila siku kibandani

Kibanda changu cha gemu kipo Mabatini, hapa Mwanza, upande wa mlimani. Nina PlayStation 2 tatu na televisheni za chogo tatu. Wengi wanaingia kucheza mpira, na mpira ndio unaolipa kodi ya chumba. Lakini kwenye rafu kuna sidi mbili za michezo ya theluji, SSX na mwendelezo wake SSX Tricky, na haipiti wiki bila mtu kuzishika zote mbili na kuniuliza: "Kaka, hii ya pili si ndiyo ileile?" Nimejibu sana kwa mdomo. Leo nimeyaandika majibu, kwa wateja wangu na kwa yeyote mwenye PS2 nyumbani, awe Igoma, Musoma au Bukoba.

Kwanza, hizi ni gemu za nini?

Ni za kushuka mlima wa theluji kwa ubao. Miguu yote miwili imefungwa juu ya ubao mmoja, na mikononi huna fimbo kama za wale wanaoteleza kwa skii. Herufi SSX zimetokana na maneno Snowboard Supercross. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2000, siku zilezile PlayStation 2 yenyewe ilipoingia madukani Marekani. Tricky ikafuata Novemba 2001. Zote zimetengenezwa na EA Canada, tawi la kampuni ya gemu ya Electronic Arts, kule Burnaby karibu na Vancouver, na zikauzwa chini ya nembo ya EA Sports BIG.

Kuna jambo moja napenda wachezaji walijue. Mwanzilishi wa SSX, Steven Rechtschaffner, ni mmoja wa watu waliobuni mbio halisi za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo watu kadhaa wanaachiwa kwa pamoja kwenye mteremko mmoja wenye kona na matuta. Mbio hizo ziliingia kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2006 kule Torino. Kwa hiyo kule kusukumana bega kwa bega unakokuona kwenye gemu hakukutungwa ofisini.

Kama gemu zimefanana, tofauti iko wapi?

Iko kwenye sababu ya kuruka. Kwenye SSX ya kwanza unaruka na kufanya madoido ili upate busti, yaani kasi ya ziada, na busti unaitumia kuwapita wenzako. Lengo linabaki kuwa mstari wa mwisho. Kwenye Tricky unaanza hivyohivyo, halafu katikati ya mlima unajikuta hujali tena nani yuko mbele, kwa sababu umeshapata herufi nne na macho yanatafuta tuta la kupatia ya tano.

Herufi gani hizo?

Hapa lazima nieleze kwa kirefu, kwa kuwa ndipo mwendelezo ulipopata jina na roho yake.

Katika gemu zote mbili, pembeni mwa kioo kuna mrija. Ukiruka, ukajizungusha, ukashika ubao kwa mkono na kutua salama, mrija unapanda. Ukianguka, unashuka. Kilichomo ndani ya mrija ndicho busti yako. SSX ya kwanza inaishia hapo: mrija ukijaa una kasi nyingi ya kutumia, basi.

Tricky iliongeza ghorofa ya pili. Mrija ukijaa kabisa, unaruhusiwa kufanya madoido makuu, yale ambayo mchezaji anachomoa miguu kwenye ubao akiwa bado hewani. Mmoja atauzungusha, mwingine atalala juu yake, na kila mtu ana madoido yake ambayo mwenzake hana. Ukitua bila kuanguka unapewa herufi moja. Herufi ziko sita: T, R, I, C, K, Y. Ukizikamilisha, mrija haupungui tena hadi mwisho wa mteremko huo. Unashuka na busti isiyokwisha.

Ugumu ni kwamba madoido makuu yanachukua muda hewani. Ukiyaanza kwenye kituta kidogo, ardhi inakuja kabla hujarudisha miguu kwenye ubao. Kwa hiyo unalazimika kuujua mlima: tuta lipi lina nafasi, kona ipi inaficha shimo, wapi uvumilie bila kuruka. Kuna kijana fundi baiskeli huja hapa jioni akitoka kazini, alikaa wiki mbili kwenye njia moja tu. Siku alipopata Y, kibanda kizima kilisimama, hata waliokuwa kwenye mpira wakaacha mechi ikiwa inaendelea. Kwenye SSX ya kwanza sijawahi kuona watu wakisimama. Wanafurahi, ndiyo, lakini wanafurahi wakiwa wamekaa.

Milima ya Tricky ni mipya?

Miwili tu: Garibaldi na Alaska. Iliyobaki imetoka kwenye gemu ya kwanza: Snowdream, Elysium Alps, Mesablanca, Merqury City Meltdown, Tokyo Megaplex, Aloha Ice Jam, Pipedream na Untracked. Hapa ndipo wenye SSX ya kwanza wanapolalamika, na wana haki. Ukiwa umemaliza ile ya 2000, sehemu kubwa ya Tricky utakuwa unapita kwenye njia unazozifahamu.

Lakini usiseme hazikuguswa. Njia zilifanyiwa marekebisho, matuta yakaongezwa ili kuwe na nafasi ya madoido makuu, na rangi zikakolezwa. Ukicheza Elysium kwenye sidi ya kwanza kisha kwenye ya pili, ni kama kurudi mtaa uliokulia ukakuta wamejenga ghorofa. Barabara ni ileile, ila unapotea kidogo.

Garibaldi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jina ni la mlima wa kweli ulioko British Columbia, jimbo hilohilo walikokuwa wakifanya kazi waliotengeneza gemu. Njia ni pana na ya kirafiki, na ndiyo ya kuanzia. Alaska ni kinyume chake: mteremko mkali, na haikupi muda wa kufikiri. Tokyo Megaplex imejaa taa na mizunguko, unajiona kama goroli iliyotupwa ndani ya mashine. Aloha Ice Jam iko juu ya siwa la barafu huko Hawaii, jambo lisilowezekana, lakini ukiwa juu ya ubao huulizi.

Wachezaji ni walewale?

Ya kwanza ina wanane, ya pili kumi na wawili. Sita wamevuka: Elise, Mac, Kaori, Moby, Zoe na JP. Wawili wameachwa, Jurgen na Hiro. Sita wameingia wapya: Eddie, Psymon, Marisol, Luther, Brodi na Seeiah.

Nina mteja mmoja, dada wa Kirumba anayeuza dagaa, ambaye alikuwa amejifunza kila kitu kwa Hiro. Nilipomwekea Tricky alimtafuta kwenye orodha mara tatu. Namwelewa. Ukikaa na mchezaji mmoja muda mrefu, mikono yako inazoea uzito wake. Sasa hivi anamtumia Kaori na anafanya vizuri, lakini bado akija siku ya mapumziko huomba sidi ya kwanza.

Tricky pia ilitafuta watu maarufu wa kutoa sauti. Elise anasemewa na Lucy Liu, Eddie na David Arquette, Seeiah na mwimbaji Macy Gray, Brodi na Billy Zane, Luther na Oliver Platt. Ndani ya sidi yenyewe kuna video zinazoonyesha jinsi walivyorekodi. Watu wengi hawazifungui. Zifungueni.

Kweli wapinzani wanakumbuka ukiwagonga?

Kweli. Kwenye Tricky, ukimwangusha mtu anakuwekea kinyongo, na kwenye mbio zinazofuata atakutafuta. Ukimwacha kwa amani, naye anakuacha. Ninawaambia watoto wasianze ugomvi na Psymon mapema, maana huyo anagonga kwa raha zake. Mimi binafsi nacheza kwa upole mpaka fainali.

Mimi sijawahi kuona theluji. Nitaelewa chochote?

Utaelewa. Wengi wetu huku kanda ya ziwa theluji tunaijua kwa picha ya Kilimanjaro tu, na Kilimanjaro haionekani kutoka Mwanza hata upande juu ya mwamba gani. Lakini kuteleza tunakujua. Sisi tuliokulia milimani tulikuwa tunakata madumu ya mafuta, tunakaa juu ya kipande na kushuka nacho kwenye mwamba mpaka suruali inatoboka. Ulijifunza mapema kwamba ukiegemea nyuma unakosa mwelekeo, na ukitaka kukunja kona unalaza mwili kabla kona haijafika.

Ubao wa theluji unafuata kanuni hiyohiyo. Chini ni laini, kwa hiyo ukiwa bapa unakimbia tu. Pembeni una kingo za chuma, na ukiulaza upande mmoja, ukingo unauma theluji na ubao unakata kona. Kwenye gemu hilo unalifanya kwa mshale wa kushoto na wa kulia, na linaeleweka mkononi ndani ya dakika chache. Kilichonichukua muda mimi ni kuamini kwamba kuna theluji ngumu na theluji laini, na kwamba Untracked, ambako theluji haijakanyagwa, inahitaji mkono tofauti na Merqury City, ambako unakatiza mitaa ya mji.

Ipi ni ngumu?

Kushinda mbio, SSX ya kwanza inabana zaidi kwa maoni yangu. Mashindano yanakwenda robo fainali, nusu fainali, fainali, na ukikosea kona huna madoido makuu ya kukuokoa. Kwenye Tricky, mtu mwenye herufi sita anaweza kuanguka mara moja na bado akafika wa kwanza. Lakini kuimaliza Tricky yote, kwa wachezaji wote kumi na wawili, ni kazi ya miezi.

Kama sitaki mbio, nataka alama tu?

Zote mbili zina mashindano ya alama. Njiani kumewekwa chembe kubwa za theluji zenye rangi. Ukipita kwenye moja wakati uko kwenye doido, alama zinazidishwa. Tricky ni bora hapa, na wala sioni haja ya kubishana.

Muziki je?

Watu hudhani muziki ni pambo. Katika gemu hizi ni sehemu ya mchezo. Ukiruka juu sana, sauti inafifia kana kwamba umetumbukia majini, na ukitua inarudi kwa nguvu. Unajikuta unahesabu muda wa kutua kwa masikio. Gemu zote mbili zina jambo hilo.

Tricky imeongeza wimbo wa Run-DMC, kundi la hip hop la Marekani, wa mwaka 1986, "It's Tricky", ambao ndio ulioipa jina. Unausikia ukianza kupamba moto na mrija wako, na baada ya siku kadhaa mwili wenyewe unajua maana yake. Mtangazaji ni Rahzel, yule bingwa wa kupiga ngoma kwa mdomo. Anapayuka sana. Wengine wanamchoka, mimi hapana, kwa sababu anakusifia kwa wakati ule hasa ambapo unahitaji mtu akusifie.

Nianze na ubao gani?

Tricky ina aina tatu: wa madoido, wa kasi tupu na wa katikati. Anza na wa katikati. Ule wa kasi unapendwa na kila mgeni kwa sababu ya jina, halafu hauruki vizuri, na mrija unabaki mtupu hadi mwisho.

Vifungo vikoje kwenye pedi?

X unaibana ukikaribia tuta na kuiachia ukiwa kwenye ncha. Hili ndilo kosa la kwanza la kila mgeni: anaigonga X kama anapiga shuti. Ibane, subiri, achia. Mishale inakuzungusha, na ni lazima uwe umeibana kabla hujaondoka ardhini. Vitufe vinne vya juu, L1, L2, R1 na R2, ni vya kushika ubao. Skwea, kile kitufe chenye alama ya mraba, ni busti. Kwenye Tricky, mrija ukiwa umejaa, kushika ubao pamoja na skwea hewani ndiko kunakotoa madoido makuu. Achia mapema. Ukichelewa kuachia, unatua na mgongo.

Tunaweza kucheza wawili?

Ndiyo, zote mbili, kwa kugawa kioo.

Sidi yangu imetoka kwa ndugu Marekani. Mbona mashine inaikataa?

Kwa sababu mashine nyingi zilizoko kwetu ni za mfumo wa picha wa televisheni unaoitwa PAL, na sidi za Marekani ni za mfumo mwingine, NTSC. PS2 ya PAL ambayo haijafanyiwa chochote haisomi sidi ya NTSC. Ukiwa na mashine iliyowekwa chipu ya kuondoa kizuizi hicho itaisoma, lakini kwenye televisheni ya zamani picha inaweza kutoka nyeusi na nyeupe au ikawa inaruka. Siyo sidi mbovu. Jaribu televisheni nyingine kabla hujamlaumu aliyekutumia. Na kabla ya yote futa sidi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Umeme ukikatika napoteza kila kitu?

Unapoteza ulichofanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Mwaka jana kijana mmoja alishinda dhahabu ya Alaska, akainuka kuwaita wenzake nje kabla hajahifadhi, na giza likaingia hapohapo. Alikaa kwenye benchi bila kusema neno mpaka nikafunga. Nilimpa saa mbili za bure kesho yake, lakini dhahabu ile haikurudi siku hiyo. Memori kadi ya PS2 ni ya MB 8 na hifadhi za gemu hizi mbili zinatosha humo pamoja na nyingine. Hifadhi kwanza, shangilia baadaye.

Naweza kuzicheza kwenye simu?

Zipo programu za kuiga PS2 kwenye Android, ila zinataka simu yenye nguvu, na kwenye kioo cha kugusa huwezi kubana vitufe vinne vya juu kwa raha. Kama una simu ya kawaida, kuna Alto's Adventure ya 2015, unashuka kwa kidole kimoja, na ni nzuri sana kwa utulivu wake. Nayo ina mwendelezo wa 2018, Alto's Odyssey, ambao uliacha theluji ukahamia kwenye mchanga wa jangwani. Huo nao ni namna ya kujibu swali la mwendelezo ufanye nini: SSX Tricky ilibaki mlima uleule ikabadilisha kuruka, Odyssey ilibaki kuruka kulekule ikabadilisha ardhi.

Basi si niruke moja kwa moja hadi SSX 3?

SSX 3 ya 2003 ni kubwa kuliko zote mbili. Ina mlima mmoja wenye vilele vitatu, na ukishaifungua yote unaweza kuanza juu kabisa na kushuka hadi chini bila kusimama. Ni safari ndefu kweli. Lakini imepoza kelele, na wale wachezaji wenye vituko vyao hawagombani kama zamani. Icheze, ila icheze baada ya Tricky, la sivyo utarudi nyuma ukaiona Tricky ndogo wakati siyo ndogo.

Nina hela ya sidi moja tu.

Nunua Tricky. Nasema hivyo nikijua kwamba ya kwanza ndiyo iliyonifundisha, na kwamba bila ya kwanza isingekuwepo ya pili. Kwa mtu anayeanza leo, Tricky inampa karibu kila njia iliyomo kwenye ya kwanza, pamoja na herufi sita. Nunua ya kwanza tu kama unapenda mbio safi, au kama mtu wako ni Hiro.

Mtoto wa miaka saba anaweza?

Anaweza, kwenye Garibaldi, na akae mbali kidogo na kioo. Usimshikie pedi. Mwache aanguke.

Naweza kuja kibandani na memori kadi yangu?

Ndiyo, na ninapendelea hivyo. Andika jina lako juu yake kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu nina droo yenye kadi kumi na moja zisizo na wenyewe, na mojawapo ina Psymon aliyemaliza kila kitu. Mwenye nayo aje aichukue.